Dawa ya Maumivu Imekosekana: Je, Ni Mapenzi ya Mungu?



Mwezi uliopita, baada ya Misa ya pili, watu walikuwa wamekaa kivulini pa mwembe wa parokia yetu, wakizungumza juu ya mama mmoja wa shirika letu aliyezikwa siku ya Alhamisi. Mzee mmoja, mtu mwema, mwenye kusali rozari kila jioni, akasema: «Amepata toharani yake hapa hapa duniani. Dawa haikuwako. Ni mapenzi ya Mungu.» Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mimi nami nikanyamaza, na tangu siku ile kunyamaza kwangu kunanichoma. Basi leo nataka kumjibu mzee yule. Simtukani, kwani ni rafiki yangu. Lakini maneno yake yamo vinywani mwa wengi, hata vinywani mwa watu waliosoma.

Mama yule alikuwa na kanseri ya mlango wa kizazi, moja ya kanseri zinazowaua wanawake wengi zaidi katika nchi zetu. Alipofika hospitali ya misioni, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea hata kwenye mifupa ya kiuno. Waganga wakamwambia mumewe ukweli, kwamba hawawezi tena kumponya. Juu ya hilo sina neno. Kuna magonjwa yasiyopona, wala siwezi kumlaumu mtu kwa sababu hiyo. Lakini walipokwisha kusema hivyo, walimfungia vidonge vya parasetamoli katika karatasi na kumrudisha nyumbani.

Alilia usiku kumi na moja. Sisemi kulia kwa machozi. Nasema kulia kwa sauti, kama mtu anayechomwa moto. Majirani walifunga madirisha. Kwaya yetu, iliyokuwa ikifanya mazoezi katika darasa lililo karibu na nyumba yake, ilihamia kanisani. Walisema kwamba hawasikilizani. Tuseme kweli: hawakutaka kusikia sauti ile nyingine. Binti yake wa miaka kumi na minne ndiye aliyekuwa akimshika mikono usiku.

Mumewe alirudi hospitalini mara tatu kuomba dawa. Mara ya tatu muuguzi alimhurumia, akamwambia wazi: «Dawa ya maumivu kama hayo ni morfini. Sisi tunaletewa ampuli kumi kwa mwaka, nazo ni za chumba cha upasuaji. Ziko kabatini, na ufunguo anao dokta, naye amesafiri.» Silitaji jina la hospitali ile. Nikilitaja, wasomaji wa mahali pengine watadhani kwamba kwao ni afadhali.

Sasa, wewe mzee wangu, niambie: katika habari hiyo, mapenzi ya Mungu ni yapi? Ugonjwa, haya. Kufa, sisi sote tutakufa. Lakini kabati? Ufunguo? Ile hesabu ya ampuli kumi? Hayo yote ni kazi ya watu.

Morfini si dawa mpya, wala si dawa ya ajabu. Hutoka katika utomvu wa mmea wa afyuni, na watu wa Ulaya walijua kuitenga tangu mwanzo wa karne ya 19. Shirika la Afya la Ulimwengu, ambalo sisi hapa tunaliita OMS, liliiandika katika orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima mwaka 1977, nayo imo hata leo. Mwaka 1986 Shirika hilo lilitoa kitabu cha kuwafundisha waganga wa nchi zote jinsi ya kutuliza maumivu ya kanseri. Kwanza dawa ndogo, kama parasetamoli. Kisha dawa ya kadiri. Maumivu yakizidi, morfini. Tena ya kunywa, si lazima sindano. Tena kwa saa zake, usiku na mchana, pasipo kungoja mpaka mgonjwa aanze kulia. Hakuna kampuni inayoweza kusema kwamba dawa hii ni yake peke yake. Unga wake ukichanganywa na maji safi ni dawa tayari, na bei yake ni ndogo.

Mwaka 2017 wataalamu waliokusanywa na gazeti la waganga la Uingereza, Lancet, walitoa hesabu zao. Walisema kwamba kila mwaka tani karibu 300 za morfini na dawa za jamaa yake hugawanywa ulimwenguni, na katika hizo nchi zilizo maskini kabisa hupata kilo 100 tu. Nusu ya watu wa dunia, walio maskini zaidi, hukaa katika nchi zinazopata sehemu moja katika mia. Kwa kila mgonjwa anayeihitaji, Marekani ilikuwa na zaidi ya miligramu 55,000 kwa mwaka. Nigeria haikufikia hata miligramu moja. Wakahesabu na gharama: kuwapa dawa hii wagonjwa wote wa dunia wanaoikosa kungehitaji dola milioni 145 kwa mwaka. Fedha hizo hazifikii gharama za mwaka za hospitali moja ya kadiri huko Marekani.

Kwa hiyo dawa ipo. Haipo kwetu.

Na kwa nini haipo kwetu? Hapo ndipo ninapotaka kila msomaji asome polepole. Mwaka 1961 mataifa yalifanya mapatano juu ya dawa za kulevya. Mwanzoni mwa mapatano hayo mataifa yenyewe yanakiri kwamba dawa hizi ni za lazima kwa kutuliza maumivu, na kwamba zinapaswa kupatikana. Kisha yaliweka ulinzi, ili zisipotelee kwa wezi na wafanya magendo. Kuna Baraza la watu 13 linalokaa Vienna, katika nchi ya Austria. Kila Serikali hulipelekea hesabu: mwaka ujao, kwa wagonjwa wetu, tutahitaji gramu kadha wa kadha. Nchi haina ruhusa ya kununua kupita hesabu hiyo.

Ulinzi huo si mbaya. Lakini tazameni jinsi unavyofanya kazi mahali ambapo watu wamelala. Hospitali inaletewa ampuli kumi. Kwa kuwa ni kumi, inatumia kumi. Mwishoni mwa mwaka inaandika: tumetumia kumi. Mkubwa wa mkoa anasoma, anasema: hawa wanahitaji kumi. Mji mkuu unajumlisha makumi hayo yote, unapeleka hesabu ndogo Vienna, na Vienna inajibu: vema. Mama yule aliyelia usiku kumi na moja hayumo katika karatasi yoyote. Mgonjwa asiyepewa dawa haandikwi, asiyeandikwa hahesabiwi, asiyehesabiwa haagiziwi. Mwaka unaofuata ni kumi tena. Watu husema juu ya upungufu wa dawa kana kwamba ni ukame ulioshuka kutoka mbinguni. Upungufu huu umeandikwa kwa kalamu.

Mtu ataniambia: sisi ni Wakongo, barabara ni mbovu, kuna vita, kuna umaskini, utafanyaje? Namjibu: vuka mpaka wa mashariki, utazame Uganda. Mwaka 1993 dokta mmoja mwanamke, Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alianzisha huko kazi ya Hospice Africa. Hapo zamani alikuwa mtawa katika shirika la Medical Missionaries of Mary, akafanya kazi Nigeria. Alianza Kampala katika nyumba ndogo ya kuazimwa kwenye hospitali ya Nsambya, hospitali ya Wakatoliki, akiwa na wasaidizi wachache na fedha za miezi mitatu. Kabla ya kukubali kuanza, aliiomba Serikali jambo moja: unga wa morfini uruhusiwe kuingia nchini. Ukaingia. Wakauchanganya na maji, wakautia rangi ili watu wasikosee: ya kijani ndiyo dhaifu, nyekundu ina nguvu zaidi, ya samawati ndiyo kali kuliko zote. Wakaitia katika chupa za plastiki za maji, mgonjwa akaenda nayo nyumbani kwake, akalala.

Neno lililo kubwa zaidi lilikuja mwaka 2004. Waganda walikuwa na shida tuliyo nayo sisi: madokta wachache, nao wamo mjini. Sheria ilisema kwamba dokta peke yake aandike morfini. Basi wakaigeuza sheria. Muuguzi aliyefundishwa kazi hii akapewa ruhusa ya kuandika dawa mwenyewe, na Uganda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo. Tena Serikali ikaamua kwamba mgonjwa asilipe kwa morfini ya kunywa. Dokta Merriman alifariki mwaka 2025, lakini kazi yake haikuzikwa pamoja naye.

Sisemi kwamba Uganda ni paradiso. Hesabu zile zile za mwaka 2017 zilionyesha kwamba dawa waliyokuwa nayo ilitosha kwa sehemu 11 tu katika mia za maumivu ya watu wao. Kukosekana kwa dawa katika depo wamekujua nao. Lakini wana njia. Wao wana udongo ule ule, mvua ile ile, na wazungu wale wale wa misaada. Tofauti ni kwamba kwao kuna watu waliokwenda kukaa mlangoni pa wakubwa wala hawakuondoka mpaka karatasi imetiwa sahihi.

Sasa narudi kwa wale wanaoleta dini katika jambo hili. Maana wapo, na baadhi yao hutembelea wagonjwa kila Jumapili. Wanamwambia mtu anayeteseka: vumilia, unganisha mateso yako na yale ya Bwana. Neno hilo ni takatifu mgonjwa anapolisema yeye mwenyewe. Likisemwa na mtu mzima aliyekula na kulala vizuri, tena badala ya dawa, linakuwa neno la ovyo. Wengine hukumbusha kwamba Bwana Yesu pale msalabani alikataa divai iliyotiwa manemane, aliyopewa apunguze maumivu. Ni kweli, aliikataa. Lakini aliikataa kwa ajili yake mwenyewe. Ni kipofu gani aliyemwambia akae gizani kwa faida ya roho yake? Ni mkoma gani aliyemrudisha na vidonda vyake? Msamaria wa Injili alipomwona mtu yule kando ya njia, hakuanza kwa mahubiri. Alianza kwa mafuta na divai, na kwa kulipa gharama.

Hata Kanisa limekwisha kulikata shauri hili, tena zamani. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pius XII aliwajibu waganga waliomwuliza juu ya dawa za kuondoa maumivu. Alisema kwamba Mkristu hapaswi kuyatafuta maumivu kwa maumivu; kwamba yaruhusiwa kumpa mgonjwa dawa za namna hii hata kama zingeweza kupunguza kidogo siku zake, ikiwa nia ni kutuliza wala si kuua, ikiwa hakuna njia nyingine, na ikiwa hazimzuii kutimiza wajibu zake. Katekisimu ya mwaka 1992, katika namba 2279, yafundisha hivyo hivyo. Basi mtu anayesema kwamba morfini ni dhambi anajifanya mkali kuliko Papa. Tena waganga siku hizi wanajua kwamba morfini ikianzwa kidogo kidogo na kuongezwa kwa kipimo haipunguzi siku za mgonjwa. Sakramenti pia zinafaidika. Nimemwona mgonjwa aliyeshindwa kuungama kwa sababu kila neno lilikatwa na kilio. Padri alimpaka Mafuta matakatifu, akaondoka akifuta machozi. Je, mtu huyo alihitaji dawa kidogo au la?

Wengine hawaleti dini, wanaleta hofu ya ulevi. Wanasema: hii ni dawa ya wavuta afyuni, wagonjwa watazoea, vijana wataiba. Hofu hiyo si ya kijinga, nami sitaki kuicheka. Marekani watu wengi wameharibika, kwa sababu vidonge vya jamaa ya morfini viliuzwa kwa tamaa ya faida, hata kwa wenye maumivu madogo. Lakini tangu lini mtu hukataa kula kwa sababu jirani amevimbiwa? Mgonjwa wa kanseri anayekunywa dawa yake kwa kipimo, chini ya macho ya muuguzi, hageuki mlevi. Mwili wake waweza kuizoea, kweli, kwa hiyo ikiwa hana haja nayo tena hupunguziwa polepole. Basi.

Na hapa nina uchungu kidogo. Nendeni sokoni jioni. Mtaona vidonge vya tramadoli vikiuzwa mezani pamoja na sigara na mishumaa, pasipo karatasi, pasipo jina la mgonjwa, na vijana wanavinunua ili wasisikie uchovu. Hakuna anayeshtuka. Lakini mama anayekufa akiomba chupa ya morfini, hapo ndipo sisi sote tunakuwa walinzi wa sheria! Tumeuacha mlango wazi mbele ya mwizi, tukamfungia mwenye nyumba nje.

Nitasema sasa juu yetu wenyewe, sisi wa misioni, maana ni rahisi kupiga kelele juu ya Leta na juu ya Vienna. Sehemu kubwa ya hospitali na dispensari za nchi hii ni za Kanisa. Katika kila jimbo tunayo ofisi ya kazi za matibabu, ile BDOM. Dawa za malaria zikikosekana, wanaandika barua, wanapiga simu, wanatuma gari. Je, wameandika barua ngapi juu ya morfini? Hospitali tano za misioni zikiagiza kila moja peke yake ampuli kumi, muuza dawa hatageuza hata kichwa. Zikiagiza pamoja unga wa mwaka mzima, pamoja na hesabu ya wagonjwa na sahihi ya mwenye farmasi, hilo ni agizo la kweli. Huko Uganda Wakatoliki na Waprotestanti wana depo moja ya dawa wanayoimiliki pamoja tangu mwaka 1979, Joint Medical Store. Sisi bado tunaulizana ni nani atakayeshika ufunguo.

Tena mtu asiniambie kwamba hesabu ya mwaka huu imekwisha kupelekwa, kwa hiyo tungoje. Mapatano yenyewe yaruhusu Serikali kupeleka hesabu ya nyongeza wakati wowote, ikionyesha sababu. Sababu ni wagonjwa. Lakini ni lazima mtu awaandike.

Katika siku hizi za upungufu, wakati dawa yenyewe ikingojewa, yako mambo madogo ambayo wauguzi wa Hospice na wenzao wamejifunza. Mwenye kidonda cha kanseri kinachonuka hata ndugu zake wanakimbia, muuguzi anaweza kusaga vidonge vya metronidazoli na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda kilichosafishwa. Harufu inapungua, na mgonjwa anakaliwa tena karibu. Dawa hiyo ipo karibu katika kila dispensari. Mwenye kunywa morfini hufungwa choo sana, hata wengine huacha dawa kwa sababu hiyo. Kama hakuna dawa ya kulainisha choo, mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa zinasaidia, kijiko kidogo kabla ya kulala. Kichefuchefu cha siku za kwanza kina dawa zake, nazo si ghali. Usimwache mgonjwa adhani kwamba atatapika hivyo siku zote. Na mgonjwa akifa, chupa iliyobaki irudishwe hospitalini siku ile ile, mbele ya shahidi. Nimesikia juu ya jamaa waliouza chupa iliyobaki. Watu hao wamewaibia wagonjwa wote watakaofuata, kwa kuwa chupa moja iliyopotea huwapa waoga sababu ya kufunga kabati miaka kumi.

Lakini mbegu za papai haziondoi maumivu ya mifupa. Nimeandika juu yake kwa sababu ni za kweli. Nisingependa mtu azitumie kama kisingizio.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye hospitali ile. Masista walinipokea vizuri. Niliomba kuona daftari la dawa, wakanionyesha pasipo shida. Mwaka juzi, ampuli kumi. Mwaka jana, kumi. Agizo la mwaka ujao limekwisha kuandikwa kwa penseli: kumi. Nikamwuliza mwenye farmasi, kijana mpole, kwa nini kumi. Akatazama daftari, akanitazama mimi, akasema: «Ndivyo tulivyotumia.» Nikamwambia habari za yule mama. Hakuwa na habari zake, kwa maana jina lake halikuandikwa katika daftari la farmasi. Alipewa parasetamoli tu. Kisha akauliza kama kuna wengine.

Hesabu za mwaka ujao Serikali zinapaswa kuzifikisha Vienna kabla ya tarehe 30 ya mwezi wa sita. Toka kwetu mpaka mji mkuu ni njia ndefu, ninyi mnajua. Kwa hiyo tumegawana kazi. Katika mashirika sita ya parokia yetu, mama mmoja wa kila shirika amepita nyumba kwa nyumba, akiuliza ni nani anayelala na maumivu ya kanseri. Wamepata watu tisa. Mmoja ni mtoto. Karatasi yenye hesabu yao iko mkononi mwa Padri Paroko, na siku ya Jumatatu inakwenda kwa yule kijana wa farmasi, ambaye ameahidi kutumia kifutio.